Mtoto anapopumua kwa kelele: namna ya kutambua uvimbe adimu katika njia ya hewa



Katika vituo vyetu vya afya, mtoto anayehema ni mgonjwa tunayempokea karibu kila siku. Mara nyingi ana nimonia, malaria, mafua yaliyoshuka kifuani, pumu au kifua kikuu. Magonjwa hayo tunayafahamu. Lakini mara moja moja anakuja mtoto ambaye dawa za kawaida hazimsaidii. Anapata nafuu kwa siku tatu, kisha anarudi. Anapewa siropu, anachomwa sindano, anapewa dawa ya pumu, na anarudi tena. Miezi inapita. Kila anayempokea anaandika jina lile lile la ugonjwa, na hakuna aliyetazama ndani ya njia yake ya hewa.

Baadhi ya watoto hao wana uvimbe katika kisanduku cha sauti, katika bomba kubwa la hewa au katika matawi yake yanayoingia kwenye mapafu. Ni ugonjwa wa nadra, na ndiyo sababu unachelewa kutambuliwa. Katika makala hii tunaeleza uvimbe huo ni wa namna gani, unajionyesha vipi, na ni hatua gani zinazofaa kufuatwa kuanzia nyumbani hadi hospitali kubwa. Tunawaandikia wazazi, wauguzi wa vituo vya afya, na watumishi wa kanisa ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuombwa shauri.

Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba sana

Ili tuelewe hatari, tuanze na kipimo. Chini kidogo ya nyuzi za sauti, njia ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa milimita 4 hadi 5 tu. Tukichukua upana wa milimita 4, kisha ukuta wake ukavimba milimita 1 tu kuzunguka pande zote, upana unaobaki ni milimita 2, na nafasi ya kupitisha hewa inabaki robo moja. Mtu mzima mwenye uvimbe wa kiasi hicho huenda asihisi lolote zaidi ya sauti kukauka. Mtoto mchanga atahangaika kutafuta pumzi.

Kwa hiyo uvimbe hauhitaji kuwa mkubwa wala kuwa saratani ili umuue mtoto. Uvimbe mwingi wa njia ya hewa kwa watoto si saratani, yaani ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kansa. Hatari yake inatokana na mahali ulipoota: unaziba mlango ambao hauna mlango mwingine badala yake.

Kelele inaonyesha mahali penye shida

Kabla ya mashine yoyote, tuna masikio. Mvue mtoto nguo za juu, umwache atulie kifuani mwa mama yake, kisha usikilize kwa dakika nzima. Jiulize: kelele inatoka wakati wa kuvuta hewa, wakati wa kuitoa, au nyakati zote mbili?

Kelele ya kukwaruza wakati wa kuvuta hewa inaonyesha kwamba shida iko juu, katika koo au katika kisanduku cha sauti. Kelele ya mluzi wakati wa kutoa hewa inaonyesha kwamba shida iko chini, ndani ya kifua, kama ilivyo kwa pumu. Kelele inayosikika akivuta na akitoa inaonyesha sehemu iliyobanwa bila kubadilika, mara nyingi chini ya nyuzi za sauti au katika bomba kubwa. Hiyo ya tatu isipuuzwe hata siku moja.

Sikiliza pia sauti yenyewe. Mtoto ambaye kilio chake kimekuwa cha kukauka kwa wiki nyingi, bila mafua, ana shida katika nyuzi za sauti. Kisha weka sikio au kifaa cha kusikilizia upande wa kulia na upande wa kushoto wa kifua. Pumu hubana mapafu yote mawili. Mluzi unaosikika upande mmoja tu, au upande mmoja ambao hewa haiingii vizuri, unaashiria kitu kilichoziba tawi moja: punje ya karanga, tezi ya kifua kikuu, au uvimbe.

Aina za uvimbe zinazopaswa kukumbukwa

Hemanjioma ya chini ya nyuzi za sauti. Huu ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu, na si saratani. Mtoto anazaliwa akipumua vizuri, kisha katika wiki au miezi ya kwanza anaanza kukwaruza akivuta na akitoa hewa. Kelele inazidi akilia au akishikwa na mafua. Karibu nusu ya watoto hao wana pia alama nyekundu kwenye ngozi. Alama zilizotapakaa kwenye taya, kidevu, mdomo wa chini na shingo, mahali ambapo mwanamume huota ndevu, ni onyo kubwa. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo inaweza kuonekana ya zambarau au kama kivimbe laini tu, basi tazama kwenye mwanga wa jua.

Mtego wa ugonjwa huu ni kwamba unafanana na homa ya koo la mtoto inayoleta kikohozi cha kubweka. Akipewa deksametazoni au prednisoloni, uvimbe unapungua kwa siku chache na kila mtu anafurahi. Dawa ikiisha, kelele inarudi. Tushike kanuni hii: homa ya koo ya virusi huwapata hasa watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, na hupita baada ya siku chache. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayeambiwa ana ugonjwa huo, au mtoto ambaye unamrudia mara kwa mara, anahitaji kutazamwa ndani ya koo.

Papiloma za kisanduku cha sauti. Hivi ni vinyama vidogo kama chunjua vinavyoota juu ya nyuzi za sauti. Vinasababishwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11. Kwa kawaida ugonjwa unatambuliwa mtoto akiwa na umri wa miaka 2 hadi 4. Dalili ya kwanza ni sauti kukauka. Kelele ya pumzi inakuja baadaye, vinyama vikiongezeka. Mtoto anaitwa mwenye pumu, au watu wanasema sauti yake ndivyo ilivyo, mpaka usiku mmoja anashindwa kupumua.

Virusi hivyo kwa kawaida vinapita kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa. Hapa tunaomba hekima. HPV ni virusi vya kawaida mno, na watu wazima wengi huvipata wakati fulani wa maisha bila kujua. Watoto wengi wa mama wenye virusi hivyo hawaugui kamwe. Mama asihukumiwe wala asiulizwe maswali ya kumwaibisha mbele ya watu.

Uvimbe wa matawi ya bomba la hewa. Huu ni wa nadra zaidi, na huonekana hasa kwa watoto wakubwa na vijana. Unaojulikana zaidi ni ule uitwao kasinoidi. Mwingine unatokana na tezi zinazotoa kamasi ndani ya bomba, na mwingine unaanza kama kovu la uchochezi linaloendelea kukua. Mgonjwa anapata nimonia mara kwa mara mahali pale pale pa pafu lile lile, au anakuwa na mluzi wa upande mmoja, au anakohoa damu. Antibiotiki zinaponya nimonia iliyo nyuma ya kizibo, lakini kizibo kinabaki pale pale.

Uvimbe wa kifuani unaobana bomba kutoka nje. Miongoni mwake ni limfoma, saratani ya tezi, inayoweza kukua haraka sana katikati ya kifua. Mtoto anakohoa zaidi akilala chali, anataka kulala akiwa ameketi, uso unavimba asubuhi, na mishipa ya shingo inajaa. Hali hii ni ya dharura, na tutaeleza chini kwa nini.

Tusisahau magonjwa ya kawaida

Mtu akisoma makala kama hii anaweza kuogopa uvimbe kwa kila mtoto anayekoroma. Haifai hivyo. Kati ya watoto wachanga wanaokwaruza wakivuta hewa, chanzo cha kwanza ni ulaini wa kisanduku cha sauti ambacho bado hakijakomaa. Kelele hiyo inaanza katika wiki za kwanza, inazidi mtoto akilala chali au akinyonya, na kwa wengi inakwisha kabla ya miaka 2. Mtoto huyo akiongezeka uzito na kunyonya vizuri, anafuatiliwa tu.

Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 aliyekuwa mzima kisha akapaliwa ghafla, fikiria kwanza punje ya karanga, mahindi au haragwe. Waulize hata ndugu zake wadogo, maana wao ndio waliokuwa wakicheza naye. Kwa mtoto mwenye kikohozi cha wiki nyingi, anayekonda, na ambaye nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa, fikiria kifua kikuu. Tezi zake zinaweza kubana tawi la hewa zikafanana kabisa na uvimbe. Katika nchi yetu kifua kikuu ni cha kawaida kuliko uvimbe wowote tuliotaja, na kina dawa.

Pumu nayo ipo. Mtoto mwenye pumu ana vipindi vinavyokuja na kuondoka, mluzi uko pande zote mbili, na akivuta salbutamoli anapata nafuu inayoonekana. Nafuu hiyo isipokuwepo, jina la pumu lianze kutiliwa shaka.

Hatua za uchunguzi

Nyumbani. Mzazi ndiye shahidi wa kwanza. Andika katika daftari kelele ilianza lini, inazidi saa ngapi, mtoto akiwa amelalaje, ni dawa gani alizopewa na zilimsaidia kwa siku ngapi. Ukiwa na simu, piga video fupi usiku kelele inaposikika, ukionyesha uso na kifua kilicho wazi. Mara nyingi mtoto anafika hospitalini asubuhi akiwa ametulia, na mganga hasikii lolote. Video ya nusu dakika inaweza kuokoa miezi.

Katika kituo cha afya. Muuguzi ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Shirika la Afya Duniani linasema pumzi ni za haraka zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5. Aangalie kama kifua kinabonyea ndani mtoto akivuta hewa. Apime uzito na kuulinganisha na ule wa zamani, maana mtoto anayetumia nguvu zote kupumua hanenepi. Apime oksijeni kwa kile kifaa kinachobanwa kwenye kidole. Lakini ajue jambo hili: njia ya juu ikiwa imebanwa, oksijeni inashuka kwa kuchelewa. Namba nzuri kwenye kifaa si uthibitisho kwamba njia iko wazi.

Mtoto anapaswa kupewa barua ya kwenda hospitali kuu akiwa na mojawapo ya haya: kelele ya kuvuta na kutoa hewa, kukwaruza kulikoanza kabla ya miezi 6 na kunakozidi, sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3 bila sababu, nimonia ya mara ya pili au ya tatu mahali pale pale, mluzi wa upande mmoja, kukohoa damu, au pumu isiyosikia dawa. Barua iandike dawa zote alizopewa, hasa zile za jamii ya kortikoidi, pamoja na tarehe.

Katika hospitali. Picha ya radio ya kifua na ya shingo ni mwanzo mzuri. Ikiwezekana, picha ya kifua ipigwe mtoto akiwa amevuta hewa na nyingine akiwa ameitoa. Pafu moja likibaki limejaa hewa wakati jingine limepungua, kuna kizibo kinachoruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka. Hata hivyo picha safi haiondoi shaka, kwa sababu uvimbe mdogo ndani ya bomba hauonekani kwa urahisi kwenye radio. Kipimo cha kifua kikuu kifanywe. Mahali penye skana, picha yake inaonyesha ukubwa wa uvimbe na kama umetoka nje ya bomba, lakini haisemi kwa hakika ni uvimbe wa aina gani.

Kutazama kwa macho. Njia ya kuthibitisha ni endoskopi: daktari wa masikio, pua na koo, au wa mapafu, anaingiza mrija wenye taa na kutazama kisanduku cha sauti, bomba na matawi yake. Kazi hii ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1897 daktari Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alitoa mfupa katika njia ya hewa ya mgonjwa kwa mrija wa namna hiyo. Kutazama juu ya nyuzi za sauti kwa mrija laini kunaweza kufanywa mtoto akiwa macho. Kushuka chini kunahitaji dawa ya usingizi, mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, na vifaa vyote vikiwa tayari kabla mtoto hajalala.

Biopsi. Mganga anachukua kipande kidogo cha uvimbe kipimwe kwa hadubini. Kipande kiwekwe katika formalini na si katika maji, na chupa iandikwe jina, tarehe na mahali kilipotolewa. Kipande kilichooza njiani kinamrudisha mtoto kwenye usingizi mara ya pili. Si kila uvimbe unaokatwa: hemanjioma inatambuliwa kwa kuonekana kwake, na kasinoidi inaweza kutoa damu nyingi. Uamuzi huo ni wa daktari anayeona, akiwa amejiandaa.

Makosa yanayoweza kuondoa uhai

La kwanza ni kumlazimisha mtoto anayehangaika kupumua alale chali ili apigwe picha au achunguzwe koo. Mwache akae alivyochagua, mikononi mwa mama. Kilio na hofu vinaongeza kubanwa.

La pili ni kumpa dawa ya usingizi mtoto mwenye uvimbe wa kifuani bila maandalizi. Akiwa macho, misuli yake inashikilia bomba likae wazi. Akilazwa, uvimbe unaweza kulibana kabisa, na hata mrija wa kupumulia usipite. Kwa sababu hiyo daktari anatafuta kwanza tezi ya shingoni au maji ya kifuani yanayoweza kuchukuliwa kwa ganzi ndogo tu.

La tatu ni kutoa kortikoidi ovyo. Limfoma inaweza kuyeyuka kwa dawa hizo kwa muda mfupi, biopsi ikakosa jibu, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa dawa inatolewa, kwa kuwa uhai unatangulia. Lakini isiwe mazoea ya kila kikohozi.

La nne ni kukata kimeo. Katika sehemu nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, kikohozi kisichopona husingiziwa ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya mdomo, nayo hukatwa kwa wembe au kisu. Kimeo hakisababishi ugonjwa wowote kati ya hii tuliyotaja. Kukikata kunaleta damu, pepopunda na kifo, na kunachelewesha matibabu ya kweli.

La tano ni kufurahi kelele inaponyamaza. Mtoto aliyekuwa akikwaruza, kisha akawa kimya huku amelegea na anasinzia, hajapona. Hewa inayopita imekuwa kidogo kiasi kwamba haitoi sauti. Hapo, kama vile midomo ikigeuka rangi, asipoweza kunyonya au kunywa, au akikwaruza hata akiwa ametulia, usingoje asubuhi wala mwisho wa ibada. Apewe oksijeni palipo nayo na apelekwe hospitalini mara moja.

Jina sahihi linafungua mlango wa matibabu

Kwa nini tunasisitiza kutambua? Kwa sababu kila uvimbe una dawa yake, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Mwaka 2008 waganga wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Christine Léauté-Labrèze, walitangaza jambo walilolikuta bila kulitafuta. Mtoto mwenye hemanjioma alipewa propranololi kwa ajili ya moyo, na uvimbe ukaanza kunywea. Leo dawa hiyo, ambayo ni ya zamani na ya bei nafuu, ndiyo ya kwanza kwa ugonjwa huu, na watoto wengi wameepushwa kutobolewa koo. Lakini inaweza kushusha sukari ya damu na mapigo ya moyo. Inaanzishwa chini ya uangalizi wa daktari, inatolewa mtoto akiwa amenyonya au amekula, na inasimamishwa kwa muda akiugua na kukataa chakula. Mzazi asiinunue mwenyewe sokoni. Na kwa mtoto mwenye pumu ya kweli, dawa hiyo hiyo inaweza kumbana zaidi. Hapa tunaona jinsi jina la ugonjwa linavyogeuza dawa kuwa msaada au sumu.

Papiloma zinaondolewa kwa upasuaji mdogo kupitia mdomoni. Zina tabia ya kurudi, na mtoto mmoja anaweza kuhitaji upasuaji mara nyingi kwa miaka. Familia iambiwe hivyo tangu mwanzo, isije ikadhani kwamba daktari ameshindwa. Kutobolewa koo kunaepukwa kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kunaweza kusaidia vinyama kuenea chini. Kinga ipo. Australia ilianza kuwachanja wasichana wote mwaka 2007 kwa chanjo ya HPV yenye aina ya 6 na 11 ndani yake, na miaka iliyofuata watoto wapya wenye papiloma walipungua sana. Jirani zetu wa Rwanda walianza chanjo ya HPV kwa nchi nzima mwaka 2011. Kumbuka tu kwamba chanjo za aina mbili, zinazolinda dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, hazina kinga ya 6 na 11. Uliza kituo chako kama chanjo imefika, na ni ipi.

Uvimbe mwingi wa matawi ya hewa unapona kwa kukatwa peke yake, hasa ukigunduliwa kabla ya nimonia za mara kwa mara kuharibu pafu. Limfoma inatibiwa kwa dawa za saratani, na watoto wengi wanaofikishwa mapema kwenye tiba kamili wanapona.

Sehemu yetu sisi jamii

Katika Kongo, sehemu kubwa ya hospitali na vituo vya afya inasimamiwa na makanisa. Basi jambo hili linatuhusu. Tunajua pia kwamba endoskopi haipatikani kila mahali, na kwamba safari ya kutoka kijijini hadi mji mkubwa inaweza kuchukua siku nyingi na fedha nyingi. Kwa hiyo tunatoa mashauri matatu.

Kwanza, kila kituo kijue mapema hospitali gani iliyo karibu ina mtu anayeweza kutazama njia ya hewa ya mtoto, na namba yake ya simu ibandikwe ukutani. Kumtafuta wakati mtoto amebanwa ni kuchelewa.

Pili, parokia na vikundi vya akina mama wasaidie nauli na gharama. Barua ya kwenda hospitali kuu isiyo na nauli inaishia mfukoni mwa baba.

Tatu, mtoto mwenye sauti ya ajabu na kelele za usiku asiitwe mchawi. Tunalisema waziwazi kwa kuwa tunajua linatokea kwa watoto wenye magonjwa ya muda mrefu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto katika nchi yetu, inaadhibu anayemshutumu mtoto kwa uchawi. Kumwombea mgonjwa ni desturi yetu na hatuiachi, lakini maombi yasimfungie mtoto katika chumba wakati pumzi inakatika. Mchungaji anaweza kuomba akiwa njiani pamoja na wazazi kuelekea hospitalini.

Mama mwenye mtoto anayekwaruza kila usiku haombi mambo makubwa. Anaomba mtu asikilize vizuri, na asirudishwe nyumbani na chupa ile ile ya siropu. Ukiwa muuguzi na umemwona mtoto huyo mara ya tatu, andika barua leo. Ukiwa mzazi, iombe barua hiyo kwa upole, onyesha video yako, na uulize swali hili moja: je, kuna mtu aliyekwisha kutazama ndani ya njia ya hewa ya mtoto wangu?